Uzazi wa Majira: Swali la Lini na Wanaolijibu

Kabla msemo wa "uzazi wa mpango" haujashika nafasi yake katika zahanati na redio za Afrika Mashariki, ulikuwapo msemo mwingine, "uzazi wa majira", ambao mabaki yake bado husikika kila siku mwanamke anaposimama mbele ya duka la dawa na kuomba vidonge vya majira. Tofauti ya misemo hii miwili si ya maneno tu. Mpango ni hesabu inayofanywa kabla ya kazi kuanza, kama mchoro wa nyumba unaoonyesha idadi ya vyumba hata kabla msingi haujachimbwa, ilhali majira ni wakati unaofaa jambo fulani, na mkulima huyatambua kwa kuangalia mawingu, udongo na akiba ya mbegu, akiwa tayari kusubiri mvua zikichelewa. Wataalamu wa idadi ya watu wamelipenda zaidi neno la kwanza, lakini mengi yanayojulikana leo kuhusu namna wanawake wanavyoamua kuzaa yanaonyesha kwamba neno la pili ndilo lililo karibu zaidi na maisha yenyewe.

Watafiti wamezoea kumuuliza mwanamke kuhusu idadi: kama angeweza kuchagua, angependa kuzaa watoto wangapi katika maisha yake yote. Wapo wanaotaja nambari bila kusita, lakini tangu tafiti za namna hii zianze barani Afrika yamekuwapo pia majibu ambayo wahoji walilazimika kuyaweka katika fungu la peke yake, kwa sababu hayakuwa nambari, nayo ni majibu ya aina ya "atakaonijalia Mungu". Ansley Coale, mwanademografia wa Marekani, yaani mtaalamu wa elimu ya idadi ya watu, alieleza mwaka 1973 masharti matatu ambayo kwa maoni yake lazima yatimie ili uzazi upungue katika jamii, na la kwanza lilikuwa kwamba watu wawe wanaiona idadi ya watoto kuwa jambo la kupimwa na kuchaguliwa; karibu miaka 20 baadaye mwanademografia mwingine, Etienne van de Walle, alisisitiza kwamba jamii haiwezi kupunguza uzazi kwa makusudi ikiwa watu wake hawana idadi yoyote vichwani mwao. Hoja hizo zina uzito, ila zinaacha jambo moja kubwa gizani, kwa kuwa mwanamke yuleyule anayemwachia Mungu swali la wangapi huwa na jibu la haraka akiulizwa kama yuko tayari kushika mimba mwezi ujao, na jibu hilo mara nyingi ni kwamba bado, mtoto ananyonya.

Jibu hilo ni la kale. Katika jamii nyingi za ukanda huu kalenda ya kwanza ya uzazi ilikuwa ziwa la mama, na sheria yake ilikuwa kwamba mimba mpya isiingie kabla mtoto aliyepo hajaachishwa ziwa, hajasimama na hajaanza kutembea. Sheria hiyo ililindwa kwa hofu yenye jina. Katika sehemu nyingi za Tanzania huitwa kubemenda, yaani kumdhoofisha mtoto mchanga kwa wazazi kukutana kimwili mapema mno, au kwa mmoja wao kutoka nje ya ndoa, wakati mtoto bado ananyonya. Mtoto aliyebemendwa hukonda, huharisha, huchelewa kutembea, na majirani humtazama mama yake kwa jicho la lawama. Miongoni mwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya fikra inayokaribiana na hiyo hujulikana kwa jina la chirwa. Maelezo ya kienyeji ni kwamba tendo la ndoa huharibu maziwa, na katika hilo elimu ya tiba haikubaliani nayo hata kidogo, kwa maana mbegu za mwanamume hazifiki kwenye maziwa na wala haziyabadilishi.

Hata hivyo ni rahisi mno kuicheka imani hii na kupitwa na kile ilichokiona sawasawa. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa akifanya kazi katika koloni la Gold Coast, ambalo leo ni Ghana, aliutambulisha ulimwengu wa tiba kwa ugonjwa wa utapiamlo unaotokana na chakula kisicho na protini ya kutosha, akautaja kwa jina alilolisikia kwa akina mama waliozungumza lugha ya Ga: kwashiorkor, ambalo Kiswahili kimelifanya kwashakoo. Maana yake, kwa mujibu wa Williams, ilikuwa ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake aliyezaliwa. Wanawake wa Accra na wa Pwani ya Tanzania, wasiojuana kabisa, walikuwa wameyaona mambo yaleyale kwa mpangilio uleule, kwamba mimba mpya huja, mtoto mkubwa huachishwa ziwa kabla ya wakati na kupewa uji mwepesi, kisha huvimba miguu na nywele zake hubadilika rangi. Kilichowapita ni kiungo cha katikati tu, yaani kwamba kinachomdhuru mtoto si tendo la wazazi bali ni chakula alichonyang'anywa.

Kutenganisha vitanda kulihitaji msaada wa watu na wa nyumba. Katika pwani ya Waswahili mwanamke aliyepata mimba ya kwanza mara nyingi alirudi kwa mama yake kujifungua, akakandwa maji ya moto, akakaa siku 40 za arobaini, na mara nyingine akabaki huko kwa miezi kadhaa, mbali na mumewe. Kwingineko mume mwenye mke zaidi ya mmoja alihamia nyumba nyingine, jambo ambalo lilimrahisishia yeye kusubiri kuliko lilivyomrahisishia mkewe, na si haki kuusifu utaratibu huo bila kutaja kwamba gharama yake, pamoja na lawama zote mtoto alipougua, iliangukia upande wa mwanamke. Msaada huo ulipungua kadiri familia zilivyohamia mijini, ambako mume, mke na watoto hulala katika chumba kimoja cha kupanga na mama mzazi yuko mkoa mwingine. Hofu ya kubemenda ilihamia mjini pamoja nao, lakini nyumba iliyokuwa ikiisaidia kufanya kazi ilibaki kijijini.

Maziwa yenyewe nayo yana nguvu yake katika kuzuia mimba, ingawa si kwa njia iliyodhaniwa. Mtoto anaponyonya mara kwa mara, usiku na mchana, ubongo wa mama huongeza homoni iitwayo prolaktini, na mpangilio wa homoni zinazolifanya yai lipevuke huzuiwa, hivyo hedhi huchelewa kurudi. Kinga hiyo hutegemewa kwa kiwango cha zaidi ya asilimia 98 ikiwa masharti matatu yametimia kwa pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6, ananyonya maziwa ya mama pekee bila maji wala uji, na hedhi haijarudi. Sharti moja likivunjika, kinga haitegemeki tena, na hapo ndipo wanawake wengi hushikwa na mimba wasiyoitarajia, kwa kuwa yai la kwanza huweza kupevuka kabla ya hedhi ya kwanza kuonekana. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwamba baada ya kujifungua mtoto aliye hai mama asubiri angalau miezi 24 kabla ya kutafuta mimba nyingine, na kwamba baada ya mimba kuharibika asubiri angalau miezi 6. Kwa Mwislamu pendekezo la miezi 24 si geni, kwa kuwa sura ya al-Baqara inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuitimiza, na masheikhe wanaohalalisha kupishanisha watoto huwataja pia masahaba waliofanya azli, yaani kumwaga nje, katika zama za Mtume.

Kwa mtoto wa kwanza hali ni tofauti kabisa, kwa maana hapo mara nyingi hakuna anayeshauri kusubiri. Mtoto huyo huitwa kifungua mimba, na jina hilo linafaa, kwa sababu anafungua mengi zaidi ya tumbo: humpa mama yake heshima ya kuitwa mama fulani, humthibitishia mume na wakwe kwamba bibi harusi si tasa, na katika ndoa changa huweza kuwa ndiye msumari unaoishikilia. Ndiyo maana maharusi wengi hawataki hata kusikia habari za vidonge au sindano kabla ya mimba ya kwanza, wakihofia kwamba dawa hizo zitaharibu kizazi. Hofu hiyo haina msingi wa kitiba kwa maana ya utasa wa kudumu, lakini ina chanzo kinachoeleweka, kwa kuwa sindano ya miezi 3, tofauti na njia nyingine, huweza kuchelewesha kurudi kwa uwezo wa kushika mimba kwa miezi mingi na hata karibu mwaka mzima, na muda huo kwa bibi harusi anayehesabiwa siku na mama mkwe ni mrefu sana. Wapo pia ambao mtoto wa kwanza huwafikia kabla swali lolote halijaulizwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 uligundua kwamba asilimia 22 ya wasichana wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au kushika mimba, na kuwaita hao kuwa "wameamua" ni kulitumia neno hilo vibaya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Kesi iliyofunguliwa na mwanasheria Rebeca Gyumi kupinga ruhusa hiyo ilishinda Mahakama Kuu mwaka 2016 na ikathibitishwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2019. Agizo la Novemba 2021 la kuwaruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi katika shule rasmi nalo liligusa swali la lini kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa kabla yake mimba moja ilitosha kuifunga elimu ya msichana, na asiye na shule ya kurudia ana sababu ndogo ya kuichelewesha mimba ya pili.

Baada ya mtoto wa kwanza ndipo zahanati inapoingia, na hapa njia za kuzuia mimba zinafaa kutazamwa kama vipimo vya muda, kwa sababu ndivyo watumiaji wenyewe wanavyozichagua. Kidonge ni cha kila siku na humwacha mwanamke huru kubadili nia wiki yoyote. Sindano inahitaji kurudi kliniki kila baada ya miezi 3. Vijiti, ambavyo ni vipandikizi vidogo vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, hukaa miaka 3 au 5 kutegemea aina. Kitanzi cha shaba, ambacho wengi hukiita lupu, hudumu miaka 10 au zaidi. Na kufunga kizazi ni kwa yule aliyekwisha kumaliza safari. Katika utafiti huohuo wa mwaka 2022 asilimia 31 ya wanawake walio katika ndoa nchini Tanzania walikuwa wakitumia njia ya kisasa, kutoka takriban asilimia 7 mwanzoni mwa miaka ya 1990, na katika muda huo kiwango cha uzazi, yaani wastani wa watoto ambao mwanamke angezaa endapo angepitia umri wake wote wa uzazi katika hali ya mwaka wa utafiti, kilishuka kutoka zaidi ya watoto 6 hadi 4.8. Mjini ni 3.6, vijijini 5.5. Kenya ilishuka kwa kasi kubwa zaidi, kutoka karibu watoto 8 mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 3.4 mwaka 2022, ingawa Nairobi yenye 2.5 na Mandera yenye 7.7 ni kama nchi mbili tofauti ndani ya mpaka mmoja.

Sindano ina sifa moja ambayo vitabu vya mafunzo huitaja kwa haraka mno, nayo ni kwamba haionekani. Haiachi paketi chini ya godoro wala alama mkononi, na mwanamke anayeitumia kwa siri huweza kuificha kadi yake kwa jirani au kuiacha kituoni. Kuwapo kwa usiri huo kunaonyesha kwamba swali la lini lina wajibuji wengi: mume anayetaka mtoto wa kiume, mama mkwe anayetaka jina la marehemu mumewe lirudi, dada aliyepata shida ya kutokwa damu akitumia vijiti na sasa anamwonya kila mtu, padre anayeelekeza njia za asili kwa kufuata mafundisho ya Papa Paulo wa Sita ya mwaka 1968, na hata serikali. Tanzania ilikuwa na chama cha uzazi wa majira tangu mwaka 1959, kabla ya uhuru, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la UMATI, yaani Uzazi na Malezi Bora Tanzania, na sera ya taifa ya idadi ya watu ilipatikana mwaka 1992. Lakini mwaka 2018 Rais John Magufuli aliwaambia wananchi hadharani kwamba wanaopanga uzazi ni wavivu wanaoogopa kulisha watoto, na matangazo ya uzazi wa mpango yakasitishwa redioni na kwenye televisheni kwa muda, huku huduma zenyewe zikiendelea kutolewa.

Jinsi ambavyo mazungumzo nyumbani yanaweza kuyageuza mambo ilionekana katika jaribio la aina yake lililoanza mwaka 1993, Radio Tanzania ilipoanza kurusha mchezo wa kuigiza wa Twende na Wakati, wenye dereva wa lori Mkwaju, mume mzururaji, na mkewe Tunu aliyeachiwa mzigo wa nyumba. Kwa makusudi mchezo huo haukurushwa na kituo cha Dodoma hadi mwaka 1995, ili watafiti, akiwamo Everett Rogers wa Marekani, waweze kulinganisha maeneo mawili. Matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi pale mchezo uliposikika, na sehemu ya maelezo yao ilikuwa kwamba mume na mke walipata la kuzungumza. Mkwaju aliwapa wanawake namna ya kulisema jambo la nyumba yao huku wakijifanya wanamsema mtu wa redioni.

Mjibuji mwingine, ambaye wachache humfikiria, ni mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mkupuo, ila haki hiyo inahesabiwa katika mzunguko wa miezi 36, na mwajiri halazimiki kuitoa kwa malipo zaidi ya mara 4. Mtoto akifariki ndani ya mwaka mmoja tangu azaliwe, mama anaweza kupata likizo nyingine ndani ya mzunguko uleule. Baba hupewa siku 3. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba wanasheria, bila kuwataja bibi na mwiko wao wa kubemenda, walifikia muda uleule wa takriban miaka 3 kati ya mtoto na mtoto, na hata waliikumbuka hali ambayo mwiko wa zamani uliitambua, kwamba mama aliyefiwa hasubiri. Lakini mama lishe, mkulima wa mpunga na muuza dagaa hawana mzunguko wa likizo, nao hupanga kwa kuangalia msimu wa kilimo, ada ya shule ya mtoto mkubwa na afya ya yule atakayebaki na mchanga wakati wao wako shambani au sokoni.

Hesabu hizo ndizo zilizowafanya wanademografia Ian Timæus na Tom Moultrie, katika makala yao ya mwaka 2008 kuhusu Afrika Kusini, wadai kwamba wataalamu walikuwa wakikosea kugawa sababu za kuzuia mimba katika mafungu mawili tu, yaani kupishanisha watoto na kukoma kuzaa. Wao waliona fungu la tatu, kuahirisha, ambalo halihusiani na umri wa mtoto aliyepo wala na idadi inayotakiwa. Mwanamke anayepishanisha anamwangalia mtoto wake, na anayekoma anaiangalia hesabu iliyotimia, lakini anayeahirisha anayaangalia maisha yake: ndoa isiyoeleweka, kazi ya mkataba, nyumba ambayo haijaezekwa. Hasemi kwamba hataki tena, wala hana tarehe, bali anasema si sasa, na "si sasa" huweza kurefuka hadi miaka 6 au 7 bila kuwa uamuzi wa kukoma. Nchini Gambia, mtafiti Caroline Bledsoe na wenzake walikuta jambo linaloelekea upande mwingine kabisa, kwamba baadhi ya wanawake waliokuwa wakitumia njia za kisasa walikuwa wametoka kupoteza mimba au mtoto, na walikuwa wakiupumzisha mwili ili wapate nguvu za kuzaa tena, kwa hiyo dawa iliyoletwa kupunguza watoto walikuwa wakiitumia ili wasiwakose.

Kupungua kwa vifo vya watoto kumeipa "si sasa" nafasi ambayo bibi hawakuwa nayo. Katika utafiti wa Tanzania wa miaka ya 2004 na 2005, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 112 walifariki kabla ya kutimiza miaka 5, na kufikia mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa 43. Mama ambaye hana hofu ya kuzika hana haja ya kuharakisha. Upande wa pili wa mizani ni umri wa mama mwenyewe, kwa kuwa mayai ya mwanamke hupungua kwa wingi na ubora, hasa baada ya miaka 35, na hatari za ujauzito huongezeka, hivyo aliyeahirisha kwa muda mrefu hukuta majira yamempita bila yeye kuyakataa.

Kwa sababu hiyo wauguzi wanaofahamu kazi yao hujali kutoa vijiti kama wanavyojali kuviweka. Mwanamke aliyewekewa vijiti vya miaka 5 huweza kurudi baada ya miezi 14 akitaka vitolewe, na kumwambia angojee muda uishe ni kumgeuzia dawa kuwa kifungo. Huenda mtoto wake amefariki, huenda mume aliyesafiri amerudi, au huenda ameachika na kuolewa upya akiwa na miaka 38 na watoto wanne, na mume wa pili hana mtoto naye. Katika ndoa ya kwanza mtoto wa nne alikuwa amekwisha kuitwa kitinda mimba, yaani aliyeukata uzazi. Mwaka unaofuata jina hilo linahamia kwa mdogo wake, na wa nne anarudi kuwa mtoto wa katikati.